Majaribio Sifuri, Yote Yamefaulu

Jumapili, 2 Machi. Nyasho, Musoma

Hilda amenipa daftari hili, jalada gumu, kurasa mia mbili. Anasema msimamizi wa mafundi lazima aandike kazi yake. Nikamwambia kazi yangu yote iko mtandaoni, mtu yeyote duniani akitaka anafungua anasoma. Akasema, "Mtandaoni unaandika umefanya nini. Humu andika kwa nini. Na mimi sitasoma." Haya, naandika. Nisipoandika ataniuliza kila akiniona, namjua.

Hilda ni daktari wa mifugo, anakaa Kamunyonge, na ndiye aliyeanzisha Josho, programu yetu. Ni programu huria: haiuzwi, na anayetaka kuirekebisha anaruhusiwa, awe Bunda au awe Brazili. Kazi yake ni moja. Kabla ya kuogesha ng'ombe, mtunza josho anachovya fimbo yenye alama ndani ya tanki, anaandika kwenye simu maji yamefika alama ya ngapi, na programu inamwambia aongeze dawa ya kupe kiasi gani. Kiangazi hesabu hiyo anaipiga hata mwanafunzi wa darasa la sita. Shida ni masika. Mvua inaingia kwenye tanki, dawa inakuwa nyepesi, na maji yanabaki na rangi ile ile. Majosho kumi na tisa ya mkoa huu yanatusikiliza sisi.

Mimi ni Prudence. Badiliko lolote haliingii kwenye programu mpaka mimi nibonyeze "kubali." Nisijifanye, napenda hivyo.

Jumatano, 5 Machi

Leo nimemaliza Mchaguzi, na nimejipongeza kwa soda mbili.

Iko hivi. Tuna majaribio 412. Kila jaribio ni hesabu ndogo ambayo jibu lake tunalijua tayari: tanki hili, mvua hii, dawa iwe lita ngapi. Mtu akituma badiliko, kompyuta ya mbali tuliyopewa bure inaendesha majaribio yote, na jibu moja tu likienda upande taa inakuwa nyekundu, badiliko linakataliwa. Safi kabisa. Lakini inachukua dakika arobaini, hata kama mtu amerekebisha herufi moja kwenye salamu. Na hiyo bure ina ukomo wake, dakika zikiisha tunakaa mpaka mwezi mwingine.

Mchaguzi wangu anaangalia faili lipi limeguswa, anafuata mafaili yanayoitana, anachagua majaribio yanayohusika tu. Badiliko la leo amelichagulia majaribio tisa. Dakika moja na nusu, tiki ya kijani, tumemaliza. Hilda ameniuliza mara mbili kama nina uhakika. Yeye hajui programu, anajua ng'ombe. Nikamwahidi kila Jumapili tutaendesha yote 412, aondoe hofu.

Jumapili, 9 Machi

Dakika za mwezi zinakaribia kwisha, zilizobaki ni za Mchaguzi tu. Nimezima ule mzunguko wa Jumapili mpaka mwezi wa nne. Hilda sijamwambia, ataanza maswali.

Jumatatu, 10 Machi

Mvua ya kwanza ya maana. Bati linanguruma, kwenye simu sisikii mtu.

Jumatano, 12 Machi

Silasi ametuma badiliko. Huyu ni afisa mifugo, kazi yake iko Bunda, lakini kwao ni kijiji kimoja cha Butiama. Programu alijifunza mwenyewe kwa simu, na siku moja Bunda nilikaa naye kwenye mgahawa saa nne nzima nikimfundisha kutuma mabadiliko. Tangu siku hiyo ananiita mwalimu, na ananizidi miaka kumi na miwili.

Josho la kijijini kwao, kwetu ni Namba Saba, lilizibwa nyufa mwezi wa kwanza na fimbo yake imechongwa upya. Silasi alikwenda mwenyewe na ndoo, akapima alama moja ya fimbo ni lita ngapi, akabadilisha namba kwenye jedwali la matanki. Kazi ya mtu makini. Mchaguzi akatoa jibu kabla sijakaa vizuri:

*Majaribio yaliyochaguliwa: 0 kati ya 412. Yote yamefaulu.*

Nimecheka peke yangu. Sifuri zimefaulu zote, ni kweli, hakuna lililofeli. Nikajiambia nitaangalia baadaye kwa nini ni sifuri. Nilikuwa na sato kwenye kikaango. Nikabonyeza kubali.

Jumamosi, 15 Machi

Mvua. Nimefua, hakuna kilichokauka.

Ijumaa, 21 Machi

Barua pepe kutoka kwa watu wa mradi mwingine huria, wanatengeneza programu ya mashine za maabara, wako nchi tatu tofauti. Wamemwona Mchaguzi, wanataka kumtumia kwao. Wanasema mwezi wa sita nikawaeleze kwenye mkutano wao wa mtandaoni, watu mia tatu. Nimeisoma barua hiyo mara nne. Mama akipiga jioni nitamwambia, ingawa ataishia kuuliza kama nimekula.

Jumamosi, 29 Machi

Mvua siku ya nne mfululizo. Barabara ya huku mtaani ni tope tupu, nimenunua mabuti.

Jumanne, 1 Aprili

Dakika mpya zimeingia. Kuna jambo nilitakiwa kuliwasha. Nitakumbuka.

Jumatano, 9 Aprili

Niandike taratibu, nisiruke kitu.

Saa tatu asubuhi amepiga Benjamini, mwenyekiti wa kamati ya Josho Namba Saba. Ni mtu wa kuongea polepole, na leo alikuwa anaongea polepole zaidi. "Binti, kupe wamejaa kwenye masikio mpaka wanaanguka wenyewe kwa kushiba. Ndama watatu wa Mama Nyangi wamekufa, na ng'ombe wake mmoja wa maziwa. Ni ndigana kali, ule ugonjwa wa kupe. Na sisi kila Alhamisi tunaogeshaga, hatujakosa hata moja. Hiyo simu yenu inasema kweli?"

Nikamwambia naangalia, nitampigia.

Nikaendesha majaribio yote 412 kwenye laptopu yangu. Nikakaa nayatazama yanapita, kijani, kijani, kijani. Dakika ya thelathini na moja ikaja nyekundu moja. Jaribio lenyewe nililiandika mimi mwaka juzi. Linazidisha alama za fimbo kwa lita za kila alama, na jibu lazima lilingane na ujazo wa tanki. Fimbo ya Namba Saba ina alama 48. Tanki ni lita elfu kumi na mbili. Kwa hiyo alama moja ni lita 250. Kwenye jedwali imeandikwa 25.

Silasi alidondosha sifuri moja. Kidole kwenye simu ndogo, basi. Mvua ikipandisha maji alama nne, ni lita elfu moja zimeingia, programu inadhani ni mia moja na inatoa dawa ya mia moja. Wiki nne hivyo, na mvua yote hii.

Na mimi? Mchaguzi anafuata mafaili yanayoitana. Jedwali haliitwi na faili lolote, linasomwa tu programu inapowaka. Kwa Mchaguzi, kugusa jedwali ni kutogusa kitu. Ndiyo maana ile sifuri. Laiti angechagua hata jaribio hili moja, badiliko la Silasi lingegonga nyekundu tarehe kumi na mbili ya mwezi wa tatu, angesahihisha palepale, tungetaniana yakaisha. Laiti ule mzunguko wa Jumapili ungekuwa unazunguka, lingegonga siku nne baadaye. Kosa la Silasi ni la kidole. Sisi tuliweka majaribio kwa sababu ya vidole vya watu. Mimi ndiye niliyeyazuia yasifanye kazi, na nilipoona sifuri nikacheka.

Haya yote niliyaelewa ndani ya dakika tano. Sasa niandike nilichofanya baada ya hapo.

Nikaandika 250 kwenye jedwali. Nikamrekebisha Mchaguzi ayaone majedwali. Nikawasha mzunguko wa Jumapili. Yote matatu nikayafunga kwenye badiliko moja, na badiliko lazima lipewe jina, nikaliita "usafi mdogo." Nikalikubali mwenyewe. Lipo pale mtandaoni, dunia nzima inaweza kulifungua, na nani atafungua kitu kinachoitwa usafi mdogo?

Halafu nikampigia Benjamini. Nikamwambia, "Programu iko sawa, mwenyekiti. Kesho ogesheni kama kawaida."

Ilikuwa kweli, kwa wakati ule. Nimejirudia maneno hayo mchana kutwa: ilikuwa kweli.

Alhamisi, 10 Aprili

Leo wanaogesha Namba Saba. Mvua tangu alfajiri.

Jumamosi, 12 Aprili

Sijalala vizuri. Nimejiambia nitamwambia Hilda Jumatatu.

Jumatatu, 14 Aprili

Hilda alikuwa Bunda. Ningeweza kupiga simu.

Jumatano, 16 Aprili

Hilda ameona. Benjamini alimpigia, naye Hilda akafungua historia ya jedwali mstari kwa mstari, yeye ambaye hata hajui programu, akaikuta 25 yenye jina la Silasi pembeni. Na chini yake akakuta 250 yenye jina langu, tarehe tisa.

Akaja hapa kwangu, mwavuli unachuruzika mlangoni. "Prudence, kumbe uliiona?"

Nilikuwa na nafasi. Ilikaa mbele yangu kama sahani ya chakula. Nikasema, "Niliona tarakimu imekaa vibaya nikasahihisha. Sikujua ndiyo hiyo inayoua ng'ombe."

"Na majaribio hayakuiona?"

"Hilo ni jedwali, daktari, si programu. Majaribio yanaangalia programu."

Akaitikia kwa kichwa, ameniamini. Akasema, "Afadhali wewe una macho." Halafu akakaa kitandani kwangu, akampigia Silasi palepale, nikisikia. Silasi akamwomba asubiri, alifungue jedwali. Halafu akasema, "Ni mkono wangu, daktari. Nimeona. Ni mkono wangu." Hakuuliza kitu kuhusu majaribio. Akauliza kitu kimoja tu: "Maji yaliyomo kwenye tanki sasa hivi yana nguvu kiasi gani?" Hilda akasema hajui. Silasi akasema anakwenda, akakata simu.

Hilda alipoondoka nilifuta maji ya mwavuli wake mlangoni.

Ijumaa Kuu, 18 Aprili

Ripoti ya Hilda imetoka mtandaoni. Aya tatu. "Chanzo ni kosa la kuandika tarakimu lililofanywa na Silasi." Chini wachangiaji wengine wameandika maneno ya upole, na mmoja ameandika kwamba watu wasio na mafunzo wasiruhusiwe kugusa jedwali. Silasi amejibu kila mmoja, hata huyo. "Nimepokea. Naomba radhi."

Mimi sijaandika kitu. Watadhani nimeacha kwa sababu ya Ijumaa Kuu.

Jumamosi, 19 Aprili

Nimekwenda kitubio. Foleni ilikuwa ndefu, nilitoka mara moja nikarudi mwisho. Nilimweleza padri habari za Mchaguzi na jedwali mpaka akaniuliza, kwa upole, "Sasa binti yangu, hiyo ni dhambi au ni kazi imeharibika?" Nikasema kazi iliharibika, halafu nikadanganya, na mtu mwingine amebeba jina la uharibifu. Akaniuliza huyo mtu anajua. Nikasema hapana. Akasema, "Basi umekuja kwangu mapema mno."

Amenipa sala. Nimezisali zote, na hakuna kilichotulia.

Jumapili, 20 Aprili. Pasaka

Pilau kwa Hilda. Sikula sana. Ameniuliza kama naumwa.

Jumamosi, 26 Aprili. Butiama

Hilda alinilazimisha nije naye kuona Josho Namba Saba. Tumefika saa nne. Mvua ilikuwa imepumzika, nyasi ndefu, ng'ombe wangekuwa na furaha kama si haya.

Tumeanzia kwa Mama Nyangi. Ni shangazi yake Silasi, ndugu wa baba yake, na ndiye aliyemlea tangu wazazi wake walipofariki. Mama mrefu, khanga mbili, hana maneno ya bure. Zizi lake sasa lina ng'ombe wanne na ndama wawili wadogo. Hilda akaingia zizini, akapapasa chini ya masikio ya ndama, mmoja halafu wa pili. Matezi yamevimba kama viazi. Mmoja anakohoa. Hilda akawachoma sindano, akasema imechelewa lakini ajaribu.

"Hawa nilikuwaga nawabeba kwenye josho," Mama Nyangi akasema. "Wanaogopa maji. Nikitoka hapo nguo yote imelowa dawa." Akaiangalia khanga yake. "Nikidhani ni dawa."

Hilda akamweleza kwamba namba imesahihishwa tangu tarehe tisa. Mama Nyangi akauliza mbona basi hawa wawili wanaumwa sasa. Hilda akasema programu ilianza kuhesabu sawa mvua mpya, lakini upungufu wa wiki nne za nyuma haikuujua, maji yalibaki mepesi mpaka yalipotiwa dawa upya. Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa zizi. Nilijua kuhesabu. Sikuhesabu. Niliangalia mabuti yangu.

Tulipofika joshoni Silasi alikuwepo, suruali imekunjwa, anachota tope la chini ya tanki na ndoo. Peke yake. Kamati imemkataza kushika fimbo, kwa hiyo anafanya kazi zisizohitaji kusoma namba. Kazini Bunda kaomba likizo. Alikuwa amekonda. Hilda akaenda kuongea na Benjamini, tukabaki wawili.

"Mwalimu," akasema. "Sijapata nafasi ya kukushukuru."

Nikamuuliza kwa lipi.

"Ulisahihisha. Bila wewe ningeendelea kuua. Daktari ameniambia uliona tu kwa macho." Akajipangusa mikono kwenye nyasi. "Shangazi hataki nimsalimie. Sio ugomvi, anageukaga upande. Nimekula kwake miaka ishirini, sasa nakula kwa Benjamini."

Nikasema, "Pole, kaka Silasi." Ndilo neno nililomwambia, pole. Njia nzima ya kurudi Hilda aliniuliza mbona kimya, nikasema kichwa kinaniuma. Na kilikuwa kinaniuma, kwa hiyo hata hapo nilipata ukweli wa kujifichia. Nimekuwa bingwa wa ukweli wa namna hiyo.

Jumatano, 30 Aprili

Wale wa maabara wameniuliza picha yangu ya kuweka kwenye tangazo la mkutano. Sijajibu.

Ijumaa, 2 Mei

Ujumbe wa Hilda: ndama wawili wa Mama Nyangi wamekufa, mmoja jana, mmoja leo asubuhi.

Jumamosi, 3 Mei

Silasi ametuma badiliko. Ameligusa faili moja tu, orodha ya majina ya watunzaji wa programu, ameondoa la kwake. Kwenye nafasi ya maelezo ameandika hivi, nanakili:

"Naondoa jina langu. Siamini tena macho yangu kwenye tarakimu. Hata dawa ya kikohozi ya mtoto, kijiko kimoja au viwili, namwachia mama yake asome. Asanteni kwa kunivumilia. Mwalimu Prudence, naomba ukubali."

Mchaguzi akafanya kazi yake. Tiki ya kijani. Kimebaki kitufe changu.

Nimekaa mbele ya kitufe hicho tangu saa nne mpaka saa kumi. Wiki mbili na zaidi nimekuwa nikisema moyoni kwamba Silasi ni mtu mzima, maneno ya watu yatapita, Hilda atampa kazi nyingine. Nilimwona kama mtu mpole ambaye upole wake ungemeza jambo lenyewe. Sasa baba mzima hawezi kumpimia mtoto wake dawa. Mimi ndiye niliyemfundisha asijiamini, kwenye somo ambalo wala sikuwa nimesimama mbele yake. Naona aibu mpaka meno yananiuma.

Sijabonyeza. Kesho nakwenda Bunda.

Jumapili, 4 Mei. Bunda

Nimemkuta nyumbani kwake, anapukuchua mahindi na mkewe Judith chini ya upenu. Sikukaa. Nilijua nikikaa nitaletewa chai, na nikinywa chai yao sitasema.

Nikamwambia yote nikiwa nimesimama. Sifuri kati ya 412. Jaribio ambalo lingemkamata siku ileile. Mzunguko wa Jumapili niliouzima. Kwamba tarehe tisa sikuona kwa macho, niliona kwa jaribio, na nilijua kila kitu. Usafi mdogo. Nilivyomjibu Hilda.

Judith ndiye aliyeongea kwanza. "Umemwangalia mume wangu akichota tope."

"Ndiyo."

"Ukasema pole."

Nikasema ndiyo, nilisema pole.

Silasi alikuwa ameshika gunzi la mahindi, analigeuza. Nilitegemea atanifukuza, au atanisamehe, maana ni Silasi. Hakufanya lolote. Akasema, "Mwalimu, sifuri niliidondosha mimi. Hiyo haibadiliki." Nikasema haibadiliki. Akasema, "Lakini hii nyingine ni ya kwako." Nikasema ni ya kwangu.

"Basi Alhamisi njoo Butiama, wakiogesha. Watakuwepo wote. Usimtume daktari, na usiandike kwenye mtandao kwanza. Kule mtandaoni wangapi wana ng'ombe?"

Hakunisindikiza. Mimi ningekuwa yeye nisingejisindikiza.

Jumatatu, 5 Mei

Nimemwambia Hilda, Kamunyonge, barazani kwake. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nilikuuliza mara mbili." Kisha akaingia ndani akafunga mlango, si kwa nguvu. Jioni ameniandikia: atafuta ripoti yake, lakini ripoti mpya niiandike mimi, kwa jina langu, nikitoka Butiama. Ule ufunguo wa kukubali mabadiliko ameuchukua. Nilitegemea.

Jumanne, 6 Mei

Nimewaandikia wa maabara wasimtumie Mchaguzi mpaka wasome ripoti. Mkutano nimejitoa.

Jumatano, 7 Mei

Hakuna mvua leo. Nimeandaa maneno ya kusema, nimeyachana.

Alhamisi, 8 Mei. Butiama

Tumeogesha kwanza. Kazi ya ng'ombe haisubiri maneno ya mtu. Nimesimama pembeni nikiwaona wanaruka ndani mmoja mmoja, maji yanaruka, wachungaji wanapiga miluzi. Mama Nyangi aliwaleta wanne wake. Hakuwa na cha kubeba.

Walipokwisha, Benjamini akawaambia watu wakae, akasema kuna mgeni kutoka Musoma ana neno. Watu kama arobaini, kwenye nyasi na mawe. Silasi alikaa nyuma kabisa.

Nikasema. Niliacha habari za mafaili, nikasema hivi: kabla ya kila badiliko kuna ukaguzi, na mimi niliupunguza ukaguzi ili kazi iende haraka. Namba ya Silasi ilipita bila kukaguliwa kwa sababu yangu. Baadaye nilijua, nikanyamaza, yeye akabeba.

Mzee mmoja akauliza kama nimelewa. Benjamini akasema, "Mimi nilikupigia. Ukaniambia nikaogeshe kama kawaida."

"Ndiyo, mwenyekiti."

"Na ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

Kukawa na kelele, za haki. Kijana mmoja alisema nipigwe, wenzake wakamvuta shati akakaa. Mama Nyangi alikuwa ameinua mkono muda wote, kama mwanafunzi, mpaka Benjamini akamwona.

"Wewe ulijua tarehe ngapi?" akaniuliza.

"Tarehe tisa mwezi wa nne, mama."

Akageuka nyuma. "Silasi. Wewe uliambiwa tarehe ngapi?"

Silasi akasimama. "Kumi na sita, shangazi. Saa nne asubuhi."

"Ukafika hapa saa ngapi?"

"Saa nane mchana."

"Ukafanya nini?"

"Nikamwamsha mwenyekiti usingizi wa mchana, tukatia dawa tanki zima upya. Kesho yake mkaogesha."

Mama Nyangi akanirudia mimi. Hakupandisha sauti. "Musoma mpaka hapa ni mwendo gani?"

"Saa moja, mama."

"Saa moja." Akanyoosha kidole kwenye tanki. "Wale watatu wa kwanza, na ng'ombe wangu, ni mvua, na sifuri ya huyu, na ukaguzi wako. Hao siwezi kuwagawa, ni wa wote. Lakini hawa wawili wa mwisho, tarehe kumi niliwabeba mwenyewe nikawaingiza kwenye maji haya. Siku moja baada ya wewe kujua."

Nikasema, "Ndiyo, mama."

"Silasi anasema wewe ni mtu wa kuandika," akasema. "Waandike."

Nikatoa daftari hili kwenye mkoba, mbele yao, nikakaa kwenye jiwe. Alinitajia polepole na alisubiri nimalize kila neno, na niliporuka kitu alinirudisha.

Ndama wawili wa Mama Nyangi. Mmoja dume, mweusi, baka jeupe kifuani, miezi mitatu. Mmoja jike, wa kijivu, miezi miwili na nusu, alikuwa bado hajapewa jina. Waliogeshwa Alhamisi tarehe kumi Aprili kwenye maji yasiyo na dawa. Prudence alikuwa anajua.